Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Istilahi za Kihungaria katika Darasa la Wanaoanza

UTANGULIZI

Wahenga wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hutumiwa katika mambo ya karamu, kwa kuwa siku anapofika mgeni ndipo wenyeji nao wanapopata kitoweo. Lakini katika mambo ya lugha pia methali hii ina ukweli mkubwa. Mgeni anayejifunza lugha huuliza maswali ambayo mwenyeji ameacha kujiuliza tangu utotoni: kitu hiki kinaitwaje, kwa nini kinaitwa hivyo, na ni nani aliyekipa jina hilo. Mwenyeji akijaribu kujibu, mara nyingi huona kwamba neno alilodhani limekuwako tangu enzi za mababu lilitungwa na mtu anayejulikana, katika mwaka unaojulikana, huku watu wengine wakimcheka.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama historia ya istilahi za Kihungaria kwa macho ya mgeni wa namna hiyo. Lugha hii ilikuwa na tafsiri kamili ya Biblia tangu mwaka 1590, na ilikuwa na washairi wake. Lakini hadi kufikia mwisho wa karne ya 18 haikuwa lugha ya sheria, wala ya ofisi, wala ya sayansi. Katika muda upatao miaka mia moja iliyofuata ilipata maelfu ya maneno mapya na kuchukua kazi hizo zote. Sisi tunaoshughulika na istilahi za Kiswahili hatuna budi kuuliza: maneno yale yalitungwaje, na kwa nini mengine yameishi na mengine yamekufa?

SOMO LA KWANZA

Katika mji wa Debrecen, mashariki ya Hungaria, kuna mafunzo ya lugha na utamaduni kwa wageni yanayofanywa wakati wa kiangazi. Chuo hicho cha kiangazi kilianzishwa mwaka 1927. Mgeni anayeanza hukuta kwanza kwamba Kihungaria hakifanani na lugha za majirani zake. Si ndugu wa Kijerumani wala wa lugha za Kislavi. Ni katika ukoo mmoja na Kifini na Kiestonia, ingawa undugu huo ni wa mbali, na ndugu zake wa karibu zaidi ni lugha ndogo mbili za Siberia ya magharibi.

Kwa Mswahili, mambo kadha wa kadha katika masomo ya mwanzo hayatakuwa mageni sana. Kihungaria hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Neno ni moja tu, "ő", kama sisi tusemavyo "yeye". Maneno hujengwa kwa kuongeza viambishi: "ház" ni nyumba, "házban" ni ndani ya nyumba, "házamban" ni ndani ya nyumba yangu. Kitenzi nacho hubadilika kwa kufuata kitendwa. Ukiona nyumba yoyote utasema "látok", lakini ukiiona nyumba ile inayojulikana utasema "látom", karibu na tofauti iliyopo baina ya "naona nyumba" na "naiona nyumba". Na neno "nakupenda", ambalo Mwingereza hulihitajia maneno matatu, Mhungaria kama Mswahili hulisema kwa neno moja: "szeretlek".

Adabu nayo inafundishwa siku zizo hizo. Jina la ukoo hutangulia jina la mtu. Mtu mzima huitwa kwa jina lake likifuatiwa na neno lenye maana ya shangazi au mjomba, hata kama hakuna udugu wowote. Na mtoto anapomwamkia mkubwa husema "csókolom", ufupisho wa maneno yenye maana ya "naubusu mkono wako". Sisi tuliolelewa kusema "shikamoo", neno ambalo asili yake huelezwa kuwa ni kushika miguu, hatuhitaji maelezo marefu hapo. Maneno yote mawili yamebaki mdomoni hata pale ambapo hakuna mkono unaobusiwa wala mguu unaoshikwa.

Kisha huja siku za juma, na hapo ndipo historia inapoanza kujitokeza. Siku ya kwanza, Jumatatu yetu, ni "hétfő", yaani kichwa cha juma. Ya pili ni "kedd", inayotokana na neno la mbili. Lakini "szerda", "csütörtök" na "péntek" ni maneno ya Kislavi, yenye maana ya siku ya kati, ya nne na ya tano. "Szombat" ni Sabato ya Wayahudi, nayo "vasárnap", Jumapili, ni siku ya soko. Juma moja tu limebeba majirani wote ambao Wahungaria wameishi nao. Asishangae Mswahili. Sisi tunahesabu kwa Kibantu hadi Jumatano, kisha tunaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano vilevile; kwa hiyo tuna siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna anayelalamika.

Basi mgeni huyo, akiisha kujua kwamba Kihungaria kimekopa maneno mengi ya zamani, hutazamia kwamba mambo ya kisasa yatakuwa na majina yaliyokopwa zaidi. Akitembea mjini huona kinyume chake. Maktaba ni "könyvtár", yaani ghala la vitabu. Duka la dawa ni "gyógyszertár", ghala la dawa. Kalenda ni "naptár", ghala la siku, na kamusi ni "szótár", ghala la maneno. Reli ni "vasút", njia ya chuma. Polisi ni "rendőr", mlinzi wa utaratibu. Hata neno "egyetem", lenye maana ya chuo kikuu na ambalo limo katika jina la chuo chenyewe cha kiangazi, lilipewa maana hiyo kwa kulichukua neno la kale lenye maana ya ukamilifu. Meza na mfalme wana majina ya kukopa. Reli na polisi wana majina ya nyumbani. Imekuwaje?

HOFU YA KUTOWEKA

Katika karne ya 18 ufalme wa Hungaria ulikuwa chini ya ukoo wa Habsburg uliotawala kutoka Vienna. Lugha ya sheria, mahakama na elimu ya juu ilikuwa Kilatini. Mabwana wakubwa wengi walizungumza Kijerumani au Kifaransa. Wahungaria wenyewe hawakufika nusu ya watu wote wa ufalme huo, kwani waliishi pamoja na Waslovakia, Waromania, Wakroatia, Waserbia, Wajerumani na wengineo. Kilatini kilikuwa na faida moja: hakikuwa cha mtu yeyote, kwa hiyo hakikumpendelea mtu. Lakini kilikuwa pia ukuta uliomzuia mkulima asielewe hukumu aliyohukumiwa.

Mwaka 1784 Mfalme Joseph II alitoa amri kwamba Kijerumani kishike mahali pa Kilatini katika ofisi za serikali. Upinzani ulikuwa mkali, na mapema mwaka 1790, akiwa karibu kufa, mfalme alizitangua amri zake nyingi, hiyo ikiwa mojawapo. Lakini jambo lilikwisha kuwaamsha watu. Wakati huohuo mwandishi Mjerumani Herder alidokeza katika kitabu chake kikubwa cha falsafa ya historia kwamba, kwa kuwa Wahungaria walikuwa wachache kati ya Waslavi na Wajerumani, huenda baada ya karne kadhaa lugha yao isipatikane tena. Maneno hayo yalikumbukwa Hungaria kwa vizazi vingi. Kwa hiyo wale walioanza kutunga istilahi hawakufanya hivyo kwa kujifurahisha. Waliamini kwamba lugha isiyoweza kusema mambo ya wakati wake itaachwa na wenyewe.

Wanahistoria huanza kuihesabu kazi hiyo mwaka 1772, kwa maandiko ya Bessenyei György, aliyekuwa askari katika kikosi cha walinzi wa Kihungaria mjini Vienna. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: hakuna taifa lililopata elimu kwa watu wake wote kwa kutumia lugha ya kigeni.

KAZINCZY NA WAPINZANI WAKE

Aliyeibeba kazi hiyo kuliko wote ni Kazinczy Ferenc, aliyezaliwa mwaka 1759. Mnamo Desemba 1794 alikamatwa kwa kuhusika na njama ya kisiasa, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo. Alikaa gerezani siku 2,387. Alipotoka mwaka 1801 hakurudi katika siasa; alikaa Széphalom, kijiji kilicho kaskazini mashariki ya nchi, akatafsiri vitabu na kuandika barua kwa waandishi wa nchi nzima. Barua hizo zilikuwa ndizo baraza la lugha kabla baraza lolote halijaundwa. Kwa njia hiyo neno lililotungwa mahali pamoja lilisomwa, likakosolewa na kutumiwa mahali pengine. Alifariki mwaka 1831 kwa kipindupindu. Mwaka 2008 jumba la makumbusho ya lugha ya Kihungaria lilifunguliwa Széphalom.

Wapinzani wake wakubwa walikuwa, miongoni mwa wengine, wanazuoni wa Debrecen. Mji huo ulikuwa na chuo cha Kiprotestanti tangu mwaka 1538, na ulijivunia Kihungaria chake. Kitabu cha sarufi kilichotungwa na wanazuoni wake na kutolewa mwaka 1795 kilishikilia kwamba kipimo cha lugha ni mazoea ya wasemaji wake, wala si mapenzi ya mwandishi mmoja.

Ugomvi ulizuka hata juu ya kaburi. Mshairi Csokonai Vitéz Mihály, mwana wa Debrecen, alifariki mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 31. Kazinczy alipendekeza kwamba jiwe la kaburi lake lichongwe maneno yenye maana kwamba marehemu naye aliishi Arkadia, nchi ya washairi katika fasihi ya kale. Watu wa Debrecen walifungua vitabu vyao wakasoma kwamba Arkadia ni nchi yenye malisho mazuri, hasa kwa punda. Wakaona wametukanwa. Mabishano hayo yaliendelea magazetini kwa muda.

Punda alirudi tena mwaka 1813, kilipotolewa kijitabu cha dhihaka kiitwacho "Mondolat". Kiliandikwa kwa kurundika maneno mapya ya kuchekesha, na picha yake ya mwanzo ilimwonyesha mwandishi mpenda maneno mapya akipanda mlima wa washairi juu ya punda. Vijana wa upande wa Kazinczy, Kölcsey na Szemere, walijibu kwa dhihaka yao mwaka 1815. Mwaka 1819 Kazinczy mwenyewe aliandika makala ya kupatanisha, akikiri kwamba lugha inahitaji mwenye kuihifadhi na mwenye kuifanya upya.

Tunaona kwamba wanazuoni wa Debrecen hawakuwa wajinga. Waliogopa lugha ya waandishi isije ikawa lugha ya pili ya kigeni kwa mkulima, Kilatini kingine kilichovaa nguo za Kihungaria. Hofu hiyo ingalipo kila mahali panapotungwa istilahi, na ni hofu ya haki. Lakini leo mgeni anayejifunza Debrecen hufundishwa maneno yaleyale yaliyochekwa, tena kama maneno ya kawaida ya mji huo.

NJIA ZA KUTUNGA

Inakadiriwa kwamba maneno yapatayo 10,000 yaliyotungwa katika kipindi hicho yaliingia katika lugha. Njia zilizotumika zilikuwa nyingi, tutataja nne.

Njia ya kwanza ni kuunganisha maneno mawili, kama ilivyo katika "könyvtár" na "vasút". Hata majarida ya namna hii yaliitwa "folyóirat", maandishi yanayotiririka. Njia hii ndiyo inayompendeza mgeni zaidi, kwa kuwa akiisha kuijua "tár" huweza kukisia maana ya maneno mengi asiyofundishwa.

Njia ya pili ni kuongeza kiambishi kwenye mzizi. Kutokana na kitenzi chenye maana ya kusogea walipata "mozdony", kichwa cha gari la moshi. Kutokana na mzizi uliomo katika neno lenye maana ya umeme wa mawinguni walipata "villany", umeme wa taa na mitambo. Kiswahili kimefika palepale kwa njia fupi zaidi: tumelichukua neno la radi inayomulika, tukaliingiza katika nyaya bila hata kulibadilisha.

Njia ya tatu ni kulipa neno la kale kazi mpya. "Ideg" lilikuwa jina la uzi wa upinde. Likawa jina la neva mwilini.

Njia ya nne ndiyo iliyoleta ugomvi zaidi. Walilikata neno na kuchukua kipande chake. Kitenzi "gyárt", kutengeneza bidhaa, kilikatwa ikapatikana "gyár", kiwanda. Kitenzi "vizsgál", kuchunguza, kilikatwa ikapatikana "vizsga", mtihani. Wakati mwingine walivibana vipande viwili pamoja: neno la bomba na neno la pua vikazaa "csőr", mdomo wa ndege. Wanasarufi walisema kwamba njia hiyo haina msingi katika kanuni za lugha. Mwaka 1872 Szarvas Gábor alianzisha jarida la "Magyar Nyelvőr", yaani mlinzi wa lugha ya Kihungaria, ili kuyapiga vita maneno yaliyoundwa kinyume cha kanuni. Alikuwa amechelewa. Mengi yalikwisha kuota mizizi. Mwanafunzi aliyefanya mtihani alikwisha kuuita "vizsga", na hakuna mwalimu aliyeweza kumnyang'anya.

YALIYOISHI NA YALIYOKUFA

Mfano ulio bora kwa watunga istilahi unatoka katika kemia. Wanakemia wa Kihungaria wa nusu ya kwanza ya karne ya 19 walitaka kila elementi iwe na jina la nyumbani. Oksijeni iliitwa "éleny", kutokana na neno la kuishi, haidrojeni "köneny", kutokana na neno lenye maana ya wepesi, naitrojeni "légeny", kutokana na neno la hewa, zinki "horgany", na zebaki "higany", kutokana na neno la kitu cha majimaji.

Majina hayo yalitungwa kwa akili, na sauti zake zinalingana. Hata hivyo, "éleny", "köneny" na "légeny" yamekufa, na mwanafunzi wa leo husema "oxigén", "hidrogén" na "nitrogén". "Higany" limeishi. "Horgany" limeshindwa na "cink" katika maabara, lakini shina lake limo katika neno linalotumika kwa mabati yaliyopakwa zinki.

Tunavyoona sisi, tofauti ni hii. Oksijeni ilikuwa jambo la wataalamu peke yao, na wataalamu hao walisoma vitabu vya nchi nyingi na kuandika alama zilezile za kimataifa. Jina la nyumbani liliwaongezea mzigo bila kuwapunguzia mwingine. Zebaki na bati ni vitu vilivyoshikwa na watu wa kazi nyingi nje ya maabara. Jina la nyumbani hushika mahali ambapo kitu chenyewe kimefika nyumbani.

SHERIA, SHULE NA MAJIRANI

Maneno peke yake yasingetosha. Mwaka 1825, katika Baraza la ufalme lililokutana mji ambao leo unaitwa Bratislava, Széchenyi István alijitolea mapato yake ya mwaka mzima, forint 60,000, ili kianzishwe chama cha wataalamu cha kuikuza lugha. Ndicho kilichokuwa Akademia ya Sayansi ya Hungaria. Mwaka 1832 kilitoa kanuni za tahajia, na baina ya mwaka 1862 na 1874 kamusi kubwa ya juzuu sita ilichapishwa chini yake. Mwaka 1844 sheria iliifanya lugha ya Kihungaria kuwa lugha rasmi ya nchi.

Mtihani ulikuja upesi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 na 1849 kushindwa, watawala wa Vienna walikirudisha Kijerumani katika ofisi na katika shule za juu. Lakini sasa magazeti, tamthilia, vitabu na mazungumzo ya mjini yalikuwa na maneno yake. Lugha iliweza kungoja. Baada ya mapatano ya mwaka 1867 ilirudi ofisini bila ya kuhitaji kuanza upya.

Ingekuwa si haki kuishia hapo. Lugha iliyojikomboa kutoka kwa Kilatini na Kijerumani iligeuka kuwa mzigo kwa majirani zake. Wajumbe wa Kroatia walikuwa wameng'ang'ania Kilatini Barazani, si kwa kukipenda, bali kwa kuogopa Kihungaria. Sheria ya mwaka 1868 iliwaahidi watu wa mataifa mengine haki fulani za lugha zao. Lakini sheria za shule za mwaka 1879 na 1907 zilikisukuma Kihungaria katika shule za watoto wa Kislovakia, Kiromania na wengineo. Kisha baada ya mkataba wa mwaka 1920 mipaka ilichorwa upya, na Wahungaria wapatao milioni tatu wakajikuta katika nchi nyingine, wakidai wao sasa shule za lugha yao.

HITIMISHO

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, uzuri wa neno si dhamana ya uhai wake. "Éleny" lilikuwa zuri likafa. "Vizsga" lilionekana na wanasarufi kuwa kilema, likaishi. Neno huishi likipata watu wanaolihitaji kila siku, na mahali pa kwanza pa kuwapata watu hao ni darasani. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu kuundwa kwake mwaka 1967, limesanifu maelfu ya istilahi. Lakini katika Tanzania masomo mengi ya sekondari na vyuo vikuu yangali yakifundishwa kwa Kiingereza. Istilahi ya fizikia isiyosikika katika somo la fizikia iko katika hali ya mbegu iliyohifadhiwa vizuri ghalani: haiozi, wala haioti.

Pili, anayelinda mazoea ya wasemaji na anayetunga neno jipya wanahitajiana. Kazinczy bila ya Debrecen angeandika lugha ya marafiki zake, na Debrecen bila ya Kazinczy ingebaki na lugha safi isiyoweza kuendesha mahakama. Sisi tumeipata njia ya kuwapatanisha pale tulipochota katika lugha zetu za asili, kama tulivyolipata neno "ngeli" kutoka kwa Wahaya.

Tatu, lugha inayokua haina budi kuwakumbuka majirani zake. Kiswahili kimependwa kwa sababu kilifika kama daraja. Kikiwa siku moja fimbo ya kuzichapia lugha nyingine ndogo, tutakuwa tumeiiga Hungaria katika kosa lake.

Tuurudie mwanzo wetu. Mgeni aliyekaa Debrecen majuma machache hurudi kwao na maneno mia chache tu, na hayamtoshi hata kununua tiketi bila ya kubabaika. Lakini ameuliza kwa nini maktaba inaitwa ghala la vitabu, na mwenyeji amelazimika kulikumbuka jina la mfungwa wa siku 2,387. Kila mwaka wako wageni wanaokuja kwetu kujifunza Kiswahili, Zanzibar, Dar es Salaam na kwingineko. Wakituuliza nani aliyetunga neno "kitivo", au kwa nini tunasema "gari la moshi" ilhali moshi haupo tena, tusiwajibu kwamba ndivyo tunavyosema tu. Tulitafute jibu, tuliandike, na tupone pamoja nao.